Uzi maalumu: John Du Prez, mpuliza tarumbeta wa Modern Romance aliyeishia kwenye tamthilia za Broadway, New York

#1 Santuri Kongwe (mleta uzi)

Ndugu wana jukwaa, heshima kwenu nyote.

Humu ndani tumewajadili sana waimbaji na wapiga magitaa, lakini mpuliza tarumbeta anapotajwa hutajwa kama mpita njia: aliitwa studio, akapuliza mistari yake minne, akapokea bahasha, akaondoka. Leo naomba tumchukue mmoja wa wapita njia hao na tumfuate tangu alikozaliwa hadi alikofika. Dai langu nalitanguliza ili anayetaka kunipinga aanze mapema: huyu bwana tarumbeta lilimfungulia mlango, lakini aliyemlisha kwa miaka zaidi ya 30 ni kalamu yake ya kuandikia noti.

Alizaliwa Sheffield, Uingereza, mwaka 1946, akaitwa Trevor Jones. Alisoma Christ Church, mojawapo ya vyuo vya Oxford. Jina la John Du Prez ni jina la kazini. Nafungua mabano hapa: yupo mtunzi mwingine mashuhuri wa muziki wa filamu anayeitwa Trevor Jones, mzaliwa wa Cape Town, na msomaji asiye mwangalifu anaweza kumtwisha mmoja kazi za mwenzake. Nafunga mabano.

Bendi yenyewe, Modern Romance, ni ya niuwevu (new wave, muziki uliofuata punk, ile roki ya kelele), nayo ilitokana na vijana wa London waliowahi kupiga punk. Geoff Deane na David Jaymes walikuwa pamoja katika kundi la Leyton Buzzards, ambalo mwaka 1979 liligusa chati za Uingereza kidogo tu, namba 53, kisha likafifia. Walipoanza upya waliacha kelele za magitaa wakakimbilia sauti za Karibi na Amerika ya Kilatini, kwa namna ya Kiingereza, yaani salsa iliyovaa suti nzuri na kuchekacheka. Mwaka 1981 "Everybody Salsa" ulifika namba 12 na "Ay Ay Ay Ay Moosey" ukafika namba 10. Deane aliondoka mwaka uliofuata, nafasi ya mwimbaji ikachukuliwa na Michael J. Mullins, na utayarishaji ukaangukia mikononi mwa Tony Visconti, yule yule aliyezitayarisha kazi nyingi za David Bowie na T. Rex.

Mwaka 1982 walitoa upya wimbo wa zamani unaojulikana kwa Kiingereza kama "Cherry Pink and Apple Blossom White", na katika santuri ile jina la bendi halikuandikwa peke yake. Liliandikwa Modern Romance wakimshirikisha John Du Prez. Mpuliza tarumbeta kutajwa kwenye lebo ya santuri ya kizazi kipya, katika mwaka ambao vijana walikuwa wakibabaikia vinanda vya umeme, si jambo dogo hata kidogo. Wimbo ulifika namba 15. Yeye wakati huo alikuwa na miaka 35, umri ambao wengi katika biashara ile hushauriwa kutafuta kazi nyingine.

Sasa tuusimamie mwaka 1983, kwa maana ndiko penye kiini cha hoja yangu. Bendi ilikuwa imetoka kufika namba 4 kwa "Best Years of Our Lives" mwishoni mwa 1982, na ndani ya 1983 ikaingia kumi bora mara mbili nyingine, namba 8 kwa "High Life" na namba 7 kwa "Walking in the Rain". Mwaka huo huo ilitoka filamu ya mwisho ya kundi la wachekeshaji la Monty Python, "The Meaning of Life", iliyopata tuzo kubwa ya majaji katika tamasha la filamu la Cannes, na muziki wake ulikuwa na mkono wa Du Prez. Humo mna wimbo wa kuchekesha kuhusu anga, "Galaxy Song", alioutunga pamoja na Eric Idle wa kundi hilo, ambao maneno yake yanahesabu mwendo wa dunia na umbali wa nyota huku muziki ukitembea taratibu kama wa kwenye hoteli ya zamani. Kwa hiyo msikilizaji wa Uingereza mwaka ule aliweza kumsikia mtu yule yule redioni akiwa ndani ya bendi ya vijana, kisha akamsikia sinema akiwa mtunzi, bila kujua kwamba ni mmoja.

Naomba michango yenu. Hasa wapulizaji wa humu, msinyamaze.

#2 Mwana Punk

Mleta uzi, nakuheshimu, ila nina shaka mbili. Ya kwanza ni kwamba Modern Romance kuwaita niuwevu ni kuwapa sifa wasiyostahili, maana niuwevu kwangu mimi ni bendi zilizochukua ukali wa punk zikaongeza akili, wakati hawa walichukua salsa wakaifanya muziki wa sherehe ya kufunga mwaka ofisini. Ya pili ni kwamba tarumbeta katika bendi hizo lilikuwa pambo tu. Ukilitoa, wimbo unasimama. Ukilitoa gitaa la besi, wimbo unaanguka.

#3 Santuri Kongwe

Ndugu Mwana Punk, shaka yako ya kwanza naipokea nusu. Jina la niuwevu Uingereza lilitanuka mpaka likawa kama kanga kubwa inayofunika kila aliyekuja baada ya punk na kuingia kwenye chati kabla ya 1984. Hata hivyo bendi hii ilikuwa na shina la punk kweli, nami nimelitaja juu. Kwamba walikuwa wepesi, sikatai. Wepesi nao ni kazi, na muziki wa kuchezeka una adabu zake.

Shaka ya pili ndiyo inayonifanya nikae kitako. Angalia kilichotokea kati ya 1980 na 1983. Dexys Midnight Runners wa Birmingham walifika namba moja kwa "Geno" mwaka 1980, na wimbo ule ukiutoa shaba, yaani tarumbeta na ndugu zake wa kupuliza, haubaki na kitu cha kushika, kwa kuwa wapulizaji ndio wanaoimba kiitikio cha kukumbukwa. The Teardrop Explodes wa Liverpool walifika namba 6 mwaka 1981 kwa "Reward", na humo matarumbeta ndiyo yanayofungua mlango kwa kishindo na kuusukuma wimbo mpaka mwisho. Spandau Ballet, ambao walikuwa watoto wa kinanda cha umeme, walipotaka kubadilisha ngozi mwaka huo huo waliwaita wapulizaji wa Beggar and Co, wimbo ukafika namba 3. The Specials wa Coventry walikuwa na Rico Rodriguez wa tromboni pamoja na Dick Cuthell wa koneti na flugelhoni, ndugu wawili wa tarumbeta, na "Ghost Town" uliokaa namba moja mwaka 1981 una ile shaba yenye huzuni inayopita kama upepo kwenye mtaa uliofungwa maduka. Hilo ni pambo kweli?

Ninavyoona mimi, shaba iliingia kwa sababu vijana walichoka. Punk ilikuwa imewaambia kwamba asiyejua kupiga chombo anaweza kupanda jukwaani, kinanda cha umeme nacho kikawaambia kwamba kidole kimoja kinatosha, na katikati ya hayo mawili pakawa na kiu ya kumwona mtu anayetoka jasho akifanya kitu kigumu mbele ya macho yao. Tarumbeta halidanganyi, maana mpulizaji akikosea hata aliye nyuma ya ukumbi anajua.

Kisha mwaka huo huo wa 1983 Yamaha wakatoa kinanda chao cha DX7. Fungua orodha ya sauti zake za kiwandani uone ya kwanza kabisa ni ipi: ni shaba. Sisemi kwamba kinanda kimoja kiliwaondoa wapulizaji wote studio, ila mtayarishaji aliyekuwa akiajiri watu watatu sasa alikuwa na kitufe. Ndiyo maana nauliza, wale wapulizaji wa 1982 walikwenda wapi baada ya mtindo kupita? Du Prez ni jibu moja kati ya majibu mengi, na ni jibu lisilo la kawaida.

#4 Pistoni ya Pili

Salaam kwenu. Mimi ni mpuliza tarumbeta wa harusi hapa Dar es Salaam, mwaka wa 19 huu, na mleta uzi ametuita kwa kazi yetu, hivyo nimewajibika kujitokeza.

Kwa wasioshika chombo hiki, tarumbeta la kawaida ni bomba la shaba lenye urefu wa karibu mita moja na nusu lililokunjwa, lenye pistoni tatu. Ukibonya ya pili sauti inashuka nusu hatua, ya kwanza hatua nzima, ya tatu hatua moja na nusu. Ukizichanganya unapata mikao saba tu yenye maana. Sauti nyingine zote unazozisikia zinatoka midomoni, kwa kukaza na kulegeza, kwa pumzi na kwa kusikia sauti kichwani kabla haijatoka. Mtu wa kinanda akibonya kitufe sauti ipo. Sisi tukibonya pistoni bado hatujafanya chochote.

Sasa huo wimbo wa maua ya micheri, yaani "Cherry Pink", una mtego maarufu. Uliotikisa dunia ni ule wa Pérez Prado, Mkuba, mwaka 1955, uliokaa namba moja Marekani kwa wiki 10, na aliyepuliza humo ni Billy Regis. Mwanzoni kabisa tarumbeta linashika sauti moja, halafu sauti inateremka polepole kama mtu anayeteleza kwenye ngazi, inapanda tena, inasita, ndipo wimbo unaendelea. Kuteleza kule hakupo kwenye pistoni. Unabonya nusu ili pumzi ivuje kidogo, huku unaushusha mdomo pole pole, na ukishusha kupita kiasi sauti inavunjika na kuangukia chini kwenye noti nyingine kabisa. Wiki kadhaa zinaweza kuisha kabla hujaupata mteremko usio na ngazi. Kwa hiyo anayesema kwamba mpulizaji aliyeweka jina lake kwenye wimbo kama ule alikuwa pambo, na apewe chombo ajaribu.

Nakubaliana na mleta uzi kuhusu kalamu, na nitawaambia sababu ambayo watu wa gitaa hawaijui. Tarumbeta letu la kawaida ukisoma do linatoa si bemoli. Mwenye kinanda akiandika noti zake, sisi lazima tuzihamishe hatua moja juu ndipo tulingane naye. Kijana aliyefunzwa vizuri anahamisha kichwani tangu utotoni, na akija kukutana na karatasi ya okestra nzima, yenye klarineti, pembe za Kifaransa na vyombo vingine vinavyohamishwa kila kimoja kwa njia yake, haogopi. Nusu ya kazi ya mpangaji wa muziki ameshaifanya bila kujua. Mimi sikufunzwa hivyo. Nilifunzwa kwa sikio, kwenye kirikuu, tumesimama watano nyuma ya msafara wa bwana harusi kutoka kanisani hadi ukumbini, na mdomo unavimba kabla keki haijakatwa. Ndiyo maana mimi bado niko kwenye kirikuu.

#5 Karani wa Hesabu

Mchango wa Pistoni ya Pili umenigusa. Niongeze upande wa fedha, kwa sababu katika mambo haya ndiko dai la mleta uzi linaposimama au kuanguka.

Katika santuri moja mna kazi mbili mbele ya sheria: utunzi na urekodi. Mtunzi wa wimbo na mwandishi wa maneno hulipwa mrabaha kila wimbo unapouzwa, unapochezwa hewani au unapopigwa ukumbini. Mpulizaji aliyeitwa studio hulipwa ujira wa siku ile. Uingereza wapigaji walipata haki ya kisheria ya kudai malipo ya haki kwa rekodi zao kuchezwa hewani kwa kanuni za mwaka 1996, yaani miaka 13 baada ya Modern Romance kuwa kumi bora.

Sasa uchukueni huo wimbo wa micheri. Ulitungwa na Mfaransa Louiguy, yule yule mwenye muziki wa "La Vie en rose". Kwa hiyo wimbo uliobeba jina la Du Prez kwenye lebo, uliomtoa jasho kuliko mwingine, mrabaha wake wa utunzi ulikwenda Ufaransa na kwa walioandika maneno. Wakati huo huo ule wimbo wa kuchekesha kuhusu anga, ambao haukuwa na mteremko wowote wa mdomo, utunzi wake ni wake pamoja na Idle. Kila unapoimbwa, unamhesabu. Mtu mmoja, daftari mbili.

#6 Mzee wa Rumba

Wanangu, nimewasoma nikiwa na kikombe cha kahawa, nami nina la kusema kuhusu Wakuba, kwa kuwa mnaongea kana kwamba salsa ilifika London kutoka mbinguni.

Sisi huku tuliupata muziki ule mapema kuliko hao vijana wa Leyton. Tangu miaka ya 1930 santuri za mfululizo wa GV, zilizobeba muziki wa Kuba, zilikuwa zinauzwa Afrika, zikawafundisha Wakongo rumba, na Wakongo wakatufundisha sisi, ingawa na sisi tulikuwa na masikio yetu. Katika ukumbi wa dansi chachacha ilikuwa na mahali pake, na bendi isiyo na tarumbeta na saksafoni ilionekana pungufu. Wapulizaji wa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi iliyoanzishwa 1964, walikuwa waajiriwa wanaolipwa mshahara wa mwezi, na hata DDC Mlimani Park iliyokuja 1978 ilikuja kuwa chini ya shirika la maendeleo la jiji. Kwa hiyo Karani akisema ujira wa siku, mimi nawakumbuka wapulizaji waliokuwa na ujira wa mwezi, na bado wengi wao walizeeka bila mrabaha, kwa kuwa nyimbo walizozipamba kwa shaba ziliandikwa kwa majina ya waimbaji.

Tofauti ninayoiona ni moja. Kwetu shaba ilikuwa mbavu za wimbo. Baada ya mwimbaji kumaliza beti zake, sebene linapochemka, wapulizaji wanasimama na kujibizana na gitaa la solo kwa dakika nne au tano. Hawa wa Uingereza walikuwa na dakika tatu za redio kwa wimbo mzima, na humo tarumbeta lilipata sekunde 20. Mtu mwenye mambo mengi kichwani na sekunde 20 za kuyasema lazima atafute mahali pengine pa kuyasemea. Labda ndiyo sababu ya filamu.

#7 Santuri Kongwe

Mzee wangu, shikamoo. Hilo la sekunde 20 nilikuwa sijalifikiria, na naliona lina nguvu kuliko nusu ya nilivyoandika.

Naendelea na safari yenyewe, maana baada ya 1983 mambo yanakwenda kasi na sitasimama kila kituo. Bendi iliendelea mpaka 1985, ikatoa albamu ya mwisho isiyofika popote, ikavunjika. Du Prez wakati huo tayari alikuwa mtu wa filamu. Mwaka 1984 alikuwa na "Oxford Blues", na hapa sitaki kuongeza utani kuhusu chuo alichosoma. Mwaka 1987 alifanya kazi na Terry Jones wa Monty Python katika "Personal Services", na mwaka 1988 akatunga muziki wa "A Fish Called Wanda", kichekesho cha Kiingereza kilichopendwa mno Marekani.

Halafu inakuja ile ambayo wengi wetu tuliisikia bila kumjua. Mwaka 1990 ilitoka filamu ya kasa wanne wapiganaji, "Teenage Mutant Ninja Turtles", iliyotengenezwa nje ya studio kubwa kwa bajeti ya kiasi cha dola milioni 13.5 na kuingiza zaidi ya dola milioni 130 Marekani peke yake. Muziki wake ni wa Du Prez, na akarudi kwa sehemu ya pili mwaka 1991 na ya tatu 1993. Waliokua kwenye vibanda vya video vya miaka ya tisini, mkiwa mmekaa kwenye mabenchi na shilingi zenu mkononi, mlikuwa mnamsikiliza mpuliza tarumbeta wa "Best Years of Our Lives". Mimi nilikuwa mmoja wenu, na nilikuja kuijua habari hii nikiwa na mvi.

Kilele ni 2005. Eric Idle alikuwa ameigeuza filamu ya Monty Python ya mwaka 1975 kuhusu Mfalme Arthur kuwa tamthilia ya muziki, "Spamalot", maneno yake, muziki wa Du Prez pamoja naye. Ilijaribiwa kwanza Chicago, kisha ikafunguliwa Shubert Theatre, New York, Machi 2005, chini ya mwongozaji Mike Nichols. Iliteuliwa kuwania tuzo 14 za Tony, zile tuzo kuu za tamthilia za Broadway, ikachukua 3, ikiwemo ya tamthilia bora ya muziki. Ilipofungwa Januari 2009 ilikuwa imeonyeshwa mara 1,575 Broadway peke yake. Rekodi ya nyimbo zake ilipata Grammy. Wakati pazia linafunguliwa Du Prez alikuwa na miaka 58.

Nisimamie kidogo hapo, kwa sababu aina ya utunzi ule ndiyo inayothibitisha mafunzo anayoyasema Pistoni ya Pili. "Spamalot" ni kejeli ya Broadway ndani ya Broadway. Kuna wimbo mle unaoyacheka yale mapenzi ya jukwaani yanayopanda ufunguo kila dakika mpaka mwimbaji anakosa hewa, na ili kejeli ikolee ni lazima wimbo wenyewe uwe mzuri kiasi cha kukudanganya kwa ubeti mmoja. Anayeandika kejeli ya muziki anahitaji kuujua muziki anaoucheka kuliko wanaoupiga kwa dhati. Sasa kumbuka Modern Romance: salsa iliyovaa suti na kuchekacheka. Mimi nasema ni kazi ile ile, karatasi ndiyo iliyokuwa kubwa zaidi.

#8 Mwana Punk

Nimesoma yote na nimelegea kidogo, lakini si kabisa. Kwanza, tuzo ya Tony ya utunzi bora wa mwaka ule "Spamalot" haikuipata, ilikwenda kwa "The Light in the Piazza" ya Adam Guettel. Tusimpambe kupita kiasi. Pili, mfano wenu ni wa mtu aliyesoma Oxford na mwenye urafiki na Monty Python tangu mwisho wa miaka ya sabini. Huyo angefika hata kama asingelipuliza Modern Romance siku moja. Nipeni mpulizaji aliyebaki mpulizaji.

#9 Santuri Kongwe

Kuhusu Tony ya utunzi umesema kweli na ulivyosema ndivyo ilivyo. Tamthilia ilishinda kama tamthilia, Nichols akashinda kwa uongozaji, na Sara Ramirez kwa uigizaji.

Kuhusu Monty Python pia una haki. Alikwisha kuchangia muziki katika "Life of Brian" ya 1979, kabla ya salsa yote hii. Hivyo huenda nilipoandika kwamba tarumbeta lilimfungulia mlango nilikosea mpangilio: milango ilikuwa miwili, na yeye alikuwa amesimama ukumbini akiingia huku na kutoka kule. Hilo nalirekebisha, sioni aibu. Kalamu, ingawa hivyo, inabaki pale pale.

Mpulizaji aliyebaki mpulizaji unaye tayari katika mchango wangu namba 3: Dick Cuthell. Baada ya The Specials alipuliza kwa Fun Boy Three, kwa Madness, na kwa Eurythmics katika albamu yao ya 1983, "Touch". Ukizisikiliza kazi hizo mfululizo unamtambua kwa sauti yake, ile shaba isiyopiga kelele. Hiyo ni njia nyingine, ya mtu ambaye sauti yake ndiyo jina lake, na jina lake linasomwa na wachache wanaofungua kijitabu cha ndani ya albamu. Na kwa kuwa tupo hapo, Madness wenyewe walikuwa na Cathal Smyth, aliyejulikana kama Chas Smash, ambaye alianza kama mcheza dansi na mpiga kelele wa jukwaani, akashika tarumbeta pia, akaishia kuwa mtunzi. Tazama, kalamu tena.

Niweke na hili kwa ukamilifu. Mwaka 2007 Idle na Du Prez walizindua Toronto oratorio (tungo ndefu ya kwaya na okestra) ya kuchekesha iliyotokana na "Life of Brian", kwa mzaha juu ya Handel, mtunzi mashuhuri wa oratorio, na tarehe 23 Oktoba 2009 ilipigwa Royal Albert Hall, London, na okestra ya BBC Symphony pamoja na kwaya yake. Aliyeshika fimbo ya uongozaji ni Du Prez mwenyewe. Mwaka 2014 wazee wa Monty Python walipokutana kwa mara ya mwisho ukumbi wa O2, usiku 10 mwezi Julai, mwongozaji wa muziki alikuwa yeye, akiwa na miaka 67, na ule wimbo wa anga wa 1983 ulipigwa tena, safari hii ukifuatiwa na filamu fupi aliyomo mwanafizikia Stephen Hawking.

#10 Karani wa Hesabu

Hawking mwenyewe akautoa kama santuri mwaka 2015, kwa sauti yake ya kompyuta. Daftari la pili linaendelea kuandikwa.

#11 Mzee wa Rumba

Pistoni ya Pili, mwanangu, umetuambia jinsi ya kuteleza lakini hujatuambia kama wewe unaweza.

#12 Pistoni ya Pili

Mzee wangu, shikamoo, umenikamata. Jana jioni nimekaa nyuma ya nyumba na chombo changu kilichonunuliwa mkono wa pili, ambacho pistoni yake ya pili hukwama hata nikiipaka mafuta, ndiyo asili ya jina langu humu. Mara ya kwanza sauti ilivunjika katikati ya mteremko. Mara ya pili ikateremka vizuri lakini haikupanda, nikaishiwa pumzi. Mara ya tatu ilishuka, ikasita, ikapanda, na mtoto wa jirani aliyekuwa anaanua nguo akauliza kwa juu ya ukuta kama kuna msiba au harusi. Sikumjibu, maana nilikuwa nataka kujaribu ya nne kabla mdomo haujapoa.

Leo nimenunua daftari la noti, lenye mistari mitano mitano, kwenye duka la vifaa vya shule Kariakoo. Naomba anayejua kuhamisha hatua moja bila kuhesabu kwa vidole anielekeze hapa hapa kwenye uzi, nitakuwa nasoma.